Umepataje?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ambazo kijana anayemaliza hapa aweza kuzifikiria. Nimechagua moja ambayo sisi hatukuisikia tulipolala katika mabweni haya, nayo ni uhandisi wa ujifunzaji. Najua mhandisi kwenu ni mtu wa madaraja na mabomba ya maji. Nivumilieni kidogo.

Kwanza niungame. Nilifundisha hesabu miaka 27. Kila mwaka nilikuta daftarini kwamba nusu ukijumlisha na robo ni mbili ya sita. Nilikata kwa wino mwekundu, na mara nyingine fimbo ilifuata. Hivi karibuni nilikwenda kwa seremala kuagiza meza. "Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki?" Alikuwa mwanafunzi wangu, aliyeacha shule Kidato cha Pili. Akavuta futi kamba, akaweka ukucha kwenye nusu inchi, akasogeza robo, ukasimama kwenye robo tatu. Akasema, "Siku zile nilijumlisha ya juu kwa ya juu, na ya chini kwa ya chini. Hukuniuliza hata siku moja nimepataje."

Mbili ya sita ni theluthi, yaani pungufu ya ile nusu aliyoanza nayo! Futi kamba ingemwonyesha kwa dakika moja. Kosa lile lilikuwa na njia yake, nami sikuitafuta.

Kuitafuta njia hiyo ndiyo kazi ninayoisema. Herbert Simon wa Pittsburgh, Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliandika mwaka 1967 kwamba walimu wa vyuo wanalijua somo lao lakini hawakufunzwa jinsi binadamu anavyojifunza. Akashauri vyuo viwe na wahandisi wa ujifunzaji. Jina hilo likalala miaka mingi. Hata hivyo, mjini humo humo watafiti walitengeneza programu za kompyuta za kufundisha aljebra, zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua hadi pale anapopotea. Katika miaka ya 2010 chama cha wahandisi cha IEEE kikaunda kundi la kuijenga taaluma hii, na leo wako wanaoisomea shahada ya uzamili. Mhandisi huyu hutunga somo, hulijaribu kwa watoto wachache, huangalia wanajikwaa wapi, kisha hurekebisha somo. Mtoto hamgusi.

Msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Kati ya 2017 na 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti katika vijiji kama 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 2,700, zikiwa na masomo ya Kiswahili na hesabu. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa katika kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Katika tano zilizofika fainali, hakuna iliyotoka Tanzania. Vijana, hilo mlisikie. Mimi lakini huwawaza zaidi wale ambao hata baada ya miezi 15 hawakusoma neno. Walikwama wapi?

Mwalimu Mkuu, nimeacha ofisini kwako katoni moja ya daftari tupu. Naomba makosa ya Kidato cha Kwanza mwaka huu yaandikwe humo, na kila kosa lifuatwe na jibu la swali, "Umepataje?" Yule seremala amekubali kuja Jumamosi moja na futi kamba yake. Ameniomba nisimtaje jina mpaka aje mwenyewe.