Mcheza Kwao na Atunzwe

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Chole, Kisarawe)



Kamati iliponiomba nizungumze juu ya michezo, nadhani ilitarajia habari za Simba na Yanga. Habari hizo mnazijua kunishinda. Mimi nitazungumza juu ya klabu ya jirani zetu, Mlandizi Queens, na jinsi kandanda ya wanawake ilivyoanza kuwa kazi katika nchi yetu. Bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania hakutoka Kariakoo. Alitoka Mlandizi, wilaya ya Kibaha, mkoa wetu huu wa Pwani. Lakini ubingwa ule haukukaa, na sababu za kuondoka kwake zinatuhusu sisi tulioketi hapa.

Naomba tuanzie mbali kidogo. Huko Uingereza, mwaka 1917, wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston waliunda timu ya mpira wa miguu. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Desemba ya mwaka uliofuata, Chama cha Mpira cha Uingereza kikawaagiza wanachama wake wasiwape wanawake viwanja vyao. Waliachiwa miguu yao na mpira wao, wakanyimwa mahali pa kuchezea. Agizo hilo lilidumu karibu nusu karne, na mchezo wao ukadidimia.

Kwetu hapakuwa na agizo la maandishi. Palikuwa na desturi. Shuleni mvulana alipewa mpira wa miguu, msichana akapewa netiboli. Jioni ilipofika, uwanja ulikuwa wa wavulana, na dada zao walikuwa kisimani au jikoni. Hata hivyo walitokea waliojitafutia njia. Dar es Salaam zilikuwako timu kama Sayari na Mburahati Queens. Zanzibar ilikuwako Women Fighters, ambayo habari zake zilioneshwa katika filamu ya mwaka 2007. Wasichana hao walicheza bila ligi ya taifa yenye kalenda inayoeleweka, na bila tumaini la mshahara.

Katika hali hiyo ndimo ilimopatikana timu yetu ya taifa, Twiga Stars. Mwaka 2010 ilifuzu kwenda Afrika Kusini katika fainali za Afrika. Ilifungwa mechi zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, na 3-0 na Nigeria. Wako waliocheka. Mimi nawaomba mlitazame jambo hili kama mkulima anavyolitazama shamba. Nchi ilikuwa imekwenda kuvuna kabla ya kulima, maana Ligi Kuu ya Wanawake ilikuja kuanza msimu wa 2016/17, miaka sita baadaye.

Ligi hiyo ilianza na klabu 12 kutoka mikoa mbalimbali, na kombe lake la kwanza likachukuliwa na Mlandizi Queens. Ndugu zangu, Mlandizi mnaijua. Ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu ya Morogoro, kabla ya kufika daraja la Ruvu. Ukitoka huku kwetu ukapita Maneromango na Mzenga, unatokea huko huko. Watoto wa pale wamekula mihogo ile ile tuliyokula sisi. Lakini Mlandizi palikuwa na kitu kimoja ambacho vijiji vyetu vingi havina: uwanja wa Mabatini, uliokuwa ukitumiwa na Ruvu Shooting katika ligi kuu ya wanaume. Sisemi kwamba uwanja ndio uliofunga mabao. Nasema kwamba mtoto anayeona mechi ya ligi karibu na nyumbani kwao hujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Kilichofuata hakina siri. Tangu msimu wa 2017/18 hadi ule wa 2024/25, misimu minane, kombe limekwenda kwa klabu mbili tu, JKT Queens mara nne na Simba Queens mara nne. Siwalaumu. JKT ni jeshi. Lina kambi, lina chakula, lina nidhamu. Simba ni klabu kubwa yenye jina na wadhamini, na inaweza kumwekea binti mkataba mezani. Na faida imeonekana. Mwaka 2022 Simba Queens ilishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco. Mwaka huo huo wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India katika Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mwaka 2025 Twiga Stars walirudi katika fainali za Afrika, wakatoka sare 1-1 na Afrika Kusini ile ile iliyowafunga mwaka 2010.

Basi kandanda imekuwa kazi. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wasichana wa Mlandizi walicheza kwao, na nchi nzima ikawaona. Je, walitunzwa? Klabu ya mji mdogo isiyo na fungu la kudumu hufundisha mchezaji, naye akishaiva huchukuliwa na mwenye nguvu. Hiyo ndiyo kawaida ya mpira duniani kote. Kasoro yetu ni kwamba tunaacha kazi ya kufundisha ifanywe na mtu mmoja mwenye moyo, na siku akichoka klabu inalala.

Liko pia suala la wazazi. Mzazi wa huku akimkataza binti yake kucheza, mara nyingi huwa anauliza maswali ya haki: atarudi na nani magharibi ikiingia? Atavaa nini? Akivunjika mguu nani atamtibu? Masomo yake je? Maswali haya hayajibiwi kwa kumwambia mzazi kwamba amepitwa na wakati. Yanajibiwa kwa mwalimu wa kike kuwepo uwanjani, kwa mazoezi kumalizika jua likingali juu, na kwa sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa ndani yake.

Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi serikalini kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba jambo lisilo na fungu wala siku katika ratiba halipo, hata likisifiwa namna gani. Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. Kwanza, jioni mbili kwa juma uwanja wa shule uwe wa wasichana, iandikwe katika ratiba, na wavulana waiheshimu. Pili, sehemu ya michango yetu ya kila mwaka itengwe kwa mipira, njumu na sanduku hilo la dawa. Tatu, binti mwenye kipaji anapomaliza kidato cha nne, chama chetu kimwandikie barua kwa klabu inayofaa, na kimfuatilie, ili asipotee kati ya shule na klabu.

Nanyi wavulana mlioko madarasani, msidhani mnanyang'anywa. Jioni mbili mkiwapisha dada zenu hazitawapunguzia kitu. Waingereza waliwanyima wanawake wao viwanja, wakapoteza nusu karne. Sisi tusipoteze hata muhula mmoja.