Mji Haujengwi kwa Amri Pekee



Majengo mengi ya katikati ya mji wa Tanga yalisimama enzi za mkonge, kwa jasho la manamba. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Hatua ile ililenga kukomesha unyonyaji wa kodi, lakini hati ya umma haizibi paa linalovuja.

Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi kabla ya yale ya ushirika kuwa tayari. Wananchi walisumbuka, ikasimamishwa.

Funzo ni wazi. Mwenye duka apewe mkataba wa muda mrefu, apate moyo wa kukarabati. Sehemu ya kodi irudi kwenye majengo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi wenye mshahara tununue Ngamiani kabla ya kuagiza Dar es Salaam. Shilingi ya mwalimu ikizunguka hapa, fundi cherahani wa Tanga atapata kazi.