Vitenzi vya Kiingereza vya Kuzuia katika Kiswahili cha Mitaa ya Eastlands

Kijana wa Kaloleni, Umoja au Kayole jijini Nairobi aliyezuiwa kumpigia mwenzake simu husema "nimeblokiwa". Wakizuiana wote wawili, "wameblokiana". Mechi isipochezwa, "imekanseliwa". Wengi husikia hapo Kiingereza kikitafuna Kiswahili. Hoja ya mada hii ni kinyume: Kiingereza kimetoa mzizi tu, na kazi nyingine yote imefanywa na Kiswahili. Nafsi, wakati, hali ya kutendwa na ya kutendana vyote ni vyetu. Tena njia iliyofuatwa ni ya zamani. Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama jibu na haribu hutendwa kwa -iwa: jibiwa, haribiwa. "Blokiwa" imepita palepale. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha mwaka 1993, Duelling Languages, alitumia mazungumzo ya Nairobi kuonyesha kwamba katika uchanganyaji wa aina hii lugha moja hujenga kiunzi na nyingine huleta vijazo. Vitenzi vya kuzuia vinamuunga mkono.

Ushahidi mzito zaidi umo katika yale yasiyoingia. Kiingereza kina misururu ya virai vya kusimamisha mambo: cut off, shut down, hold back, call off. Virai hivi havijapata makao imara Eastlands, kwa kuwa tofauti wanazozionyesha wasemaji wa Kiingereza kwa vineno vya nyuma, sisi huzionyesha kwa viambishi: kata, katia, katiza; funga, fungia. Umeme ukipotea Dandora, stima "imekatwa". Ndani ya matatu, ambamo kusimamisha gari ndiyo shughuli ya kutwa, Kiingereza kimetupa "steji", lakini abiria humwambia makanga "shukisha". Na neno likiingia halibaki lilivyokuja. Msongamano wa Jogoo Road ni "jam", lakini "usijam" ni kumsihi mtu asikasirike. Maana hiyo imezaliwa humu mitaani. "Ban" nayo ikitiwa -iwa huangukia "baniwa", ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari kwa maana ya kunyimwa. Asikiaye hawezi daima kujua ni lipi kati ya hayo mawili, wala mara nyingi hahitaji kujua.

Watasema wapinzani kwamba zuia ipo, basi bloku ya nini? Swali hilo lingewafaa pia wahenga waliokuwa na kataza na bado wakaunda haramisha kutokana na haramu. Lugha haikopi kwa sababu ya ufukara pekee. Hukopa pia pale kitu kipya kinapokuja na jina lake, na kumzuia mtu kwa kubonyeza simu ni kitu kipya. Pingamizi la walimu lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Mwanafunzi mwenye "kansel" peke yake hupoteza tofauti ambazo Kiswahili sanifu kinazitunza. Mechi iliyoahirishwa itachezwa siku nyingine. Iliyositishwa huenda ikaendelea. Iliyofutwa haipo tena. Na matokeo yaliyobatilishwa ni ya mechi iliyokwisha chezwa. Neno moja haliwezi kubeba yote manne, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini si hasara ya sarufi. Anayeandika "imekanseliwa" katika insha amekosea rejista na amekosa msamiati; upatanisho wake wa ngeli na mnyambuliko wake ni sahihi kabisa. Kumwambia hajui Kiswahili ni kumpotosha, na pengine ndiko kunakomfanya aache kujaribu.

Walimu wenzangu, kabla ya kalamu nyekundu kulikata neno hilo, mwulizeni mwandishi wake: imeahirishwa, imesitishwa, au imefutwa? Jibu lake ndilo litakaloonyesha somo la kesho lianzie wapi.