Haradali Katikati ya Magugu

Injili ya Dominika ya 16 ya Mwaka A, sura ya 13 ya Mathayo, yatupeleka shambani mara mbili: penye ngano iliyochanganyika na magugu, kisha penye punje ya haradali. Tumezoea kuihubiri mifano hiyo mbalimbali. Leo tuiweke pamoja.

Haradali ni ndugu wa figiri na chainizi tunazolima mabondeni kando ya ziwa. Mboga hizo zikiachwa bila kuchumwa huchanua maua ya manjano yenye petali nne, zilizopangwa mfano wa msalaba. Ndivyo lilivyo ua la haradali. Punje yake ni ya milimita moja hivi, lakini mmea waweza kumpita mtu kwa kimo. Anayetaka mbegu huyakata maganda alfajiri, umande ungalipo, kwani yakikauka hupasuka na kumwaga punje ardhini. Msimu unaofuata huota zenyewe katikati ya mazao mengine. Ndiyo maana Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alisema kwamba haradali ikishapandwa ni vigumu kuiondoa. Nao walimu wa Kiyahudi walikataza kuipanda katika matuta ya bustani. Kibarua asiyeijua ataing'oa pamoja na magugu wakati wa palizi. Mmea huo ndio Bwana aliouchagua kuufananisha na Ufalme wake.

Twayasema haya kwa sababu huku Usukumani imekuwako palizi nyingine. Tangu miaka ya 1970 wazee wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa mapanga katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu. Jamani, nani asiyejua kwamba macho hayo ni ya moshi wa kuni na wa samadi, alipokuwa akitupikia miaka yote? Ng'ombe anakufa, mtoto anaugua, ramli inapigwa, jina la bibi linatajwa. Na wauaji hujiona wanasafisha shamba.

Magugu maji yalipoziba mialo yetu miaka ya 1990, tuliyang'oa kwa mikono, wakaletwa na wadudu wa kuyala, na hapakuwa na dhambi. Binadamu si gugu. Wale watumishi wa mfano waliomba ruhusa ya kung'oa, wakakatazwa, maana hawakuwa na macho ya kutofautisha. Kazi hiyo iliwekewa siku yake na watu wake.

Basi katekista, usikiapo jina limetajwa kisimani au kilabuni, usingoje Jumapili. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji na paroko siku ile ile. Sala ya jumuiya ya juma hilo na ifanyike nyumbani kwa bibi huyo, majirani wote waalikwe, na wanajumuiya wawili watatu wabaki kulala hapo.