Mtani Hakosei Jina la Marehemu: Mada Kuhusu Maadili ya Kuzicheka Imani za Wengine

Jeneza limefika ukingoni, kamba ziko tayari, lakini kaburi lina mtu. Amelala chali, mikono kaikunja kifuani, macho kayafumba, na anasema hatoki mpaka apewe chake. Saa moja kabla, mtu huyohuyo alikuwa uani amevaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa akipepesuka akitoka kilabuni na alivyokuwa akiwasalimia wakwe zake kwa adabu ya kuazima. Wafiwa walijikuta wanalia na kucheka kwa pamoja. Sasa kofia inapitishwa. Mtani anafumbua jicho moja, anahesabu, anatangaza kwamba marehemu alikuwa bahili na ukoo mzima umemrithi. Kofia inazunguka mara ya pili.

Hakuna anayeita polisi.

Mijadala mingi kuhusu dhihaka na imani huanzia Paris au Copenhagen, na ikianzia huko humwacha msikilizaji wa Kiswahili amekaa kama mgeni kwenye ugomvi wa nyumba ya watu. Mada hii inaanzia kaburini, kwa sababu huko msikilizaji huyo ni mwenyeji. Kama kuna jambo ambalo watu hulistahi hata wasipokuwa na dini, ni maiti ya mpendwa wao, na bado sehemu nyingi za Tanzania zimempa mtu maalumu ruhusa ya kulifanyia mzaha.

Utani wa makabila umeandikwa tangu enzi za ukoloni. Mmoja wa walioutafiti mapema, miaka ya 1940, ni R. E. Moreau, ambaye kwa kazi yake hasa alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Pengine sikio lililozoea ndege wanaozomeana mitini lilimsaidia. Chanzo kinachotajwa sana ni misafara ya biashara na vita. Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani wakawa watani wa Wazaramo. Wangoni nao wana watani miongoni mwa watu waliowahi kupigana nao. Waliokuwa wageni au maadui walipata njia ya kuambiana maneno makali bila kushika silaha.

Siku hizi utani hutajwa kana kwamba ni leseni ya kutukana. Hiyo ni nusu ya habari. Kwa desturi, mtani anayelala kaburini huwa ni miongoni mwa waliolichimba. Alfajiri alikuwa anateka maji, jana usiku alikesha, na mahali pengine ndiye anayesaidia kumwosha maiti. Ameulipia mzaha wake kwa jasho. Isitoshe, anamjua marehemu: mwendo wake, madeni yake, kikohozi chake. Akimwigiza mtu mwingine, au akikosea jina, mzaha umekufa papo hapo na yeye anabaki kuwa mtu aliyelala shimoni bila sababu.

Hapo ndipo mada hii inapochukua vipimo vyake viwili. Anayecheka imani ya mwenzake, je, anamjua? Na je, kuna chochote anachodaiwa naye?

Mfano mzuri wa kuvijaribu vipimo hivyo uko New York. Mwezi Machi 2011 ulizinduliwa Broadway mchezo wa muziki uitwao The Book of Mormon, kwa jina la kitabu kitakatifu cha kanisa la Wamormoni, kazi ya Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez. Ulizoa tuzo 9 za Tony mwaka uleule. Vijana wawili wa Kimormoni wanatumwa kutoka Utah kwenda kuhubiri kaskazini mwa Uganda, wanakuta njaa, UKIMWI na mbabe wa vita, na mmoja wao, ambaye hajakisoma vizuri kitabu chake, anaanza kuchanganya maandiko na hadithi za Star Wars. Wanakijiji wanaongoka.

Wamormoni walichekwa kisawasawa. Lakini walichekwa na majirani. Parker na Stone walikulia Colorado, jimbo linalopakana na Utah, na Wamormoni waliwaona tangu utoto. Ndiyo maana kila kitu kimekaa mahali pake: mashati meupe ya mikono mifupi, vibandiko vyeusi vya majina, kutembea wawiliwawili, miaka miwili ya utume, tabasamu lisilochoka. Hata mafundisho yanayotiwa chumvi, mengi ni yale ambayo kanisa lenyewe linayatambua. Kanisa nalo likajibu kama mtani aliyekomaa. Halikuandamana wala halikwenda mahakamani. Lilitoa tamko fupi, kisha likanunua matangazo ndani ya vijitabu vinavyogawiwa watazamaji, yenye ujumbe kwamba aliyeuona mchezo sasa akisome kitabu. Mwaka 2015 mchezo ulifika Salt Lake City kwenyewe, makao makuu ya kanisa, na tiketi ziliisha.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba dini yenye kujiamini haiogopi kuchekwa. Wasimuliaji huwasahau Waganda.

Binti anayebeba nusu ya mchezo anaitwa Nabulungi. Hilo ni jina la Kiganda, lenye neno obulungi, yaani uzuri, ndani yake. Kumpa msichana wa kijijini kaskazini ni kama kuandika tamthilia ya Wamasai ambamo morani anaitwa Mangi. Mbabe wa vita anatishia kuwakeketa wanawake wote. Ukeketaji nchini Uganda ulikuwa desturi ya Wasabiny wa Kapchorwa na baadhi ya jirani zao mashariki na kaskazini mashariki, na ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2010. Kwa Waacholi, watu waliopigwa hasa na vita vya waasi kaskazini mwa Uganda, haukuwa mila. Kuna pia wimbo wenye kiitikio kinachosikika kama lugha ya Kiafrika, ambacho ndani ya hadithi ni tusi kwa Mungu. Si Kiacholi, si Kilango, si lugha yoyote. Ni kijembe kwa The Lion King na "hakuna matata" yake, maneno ya Kiswahili yaliyokwisha kuzungushwa dunia nzima kuuza utulivu ambao Waswahili wenyewe hawaujui.

Watetezi wa mchezo wanasema hapo anayechekwa ni Mmarekani na Afrika yake ya kufikirika. Hoja hiyo ina uzito, na mtazamaji makini anaiona. Ila ukumbi hauulizi nani kacheka kwa sababu gani. Mwaka 2020 waigizaji weusi 20, waliokuwamo na waliowahi kuwamo, waliwaandikia watunzi barua kueleza wasiwasi wao. Watunzi walikaa na waigizaji, wakapitia mchezo upya kabla haujarudi jukwaani mwaka 2021 baada ya kusimamishwa na janga la korona. Badiliko moja dogo linaeleza mengi. Zamani Nabulungi alikuwa na taipureta kuukuu ambayo yeye alidhani ni chombo cha kutumia ujumbe mfupi, na watu walicheka. Sasa anashika iPad. Kwa miaka karibu kumi, ukumbi ulicheka kwamba msichana wa Uganda hajui simu ni nini, huku Uganda halisi watu wakitumiana pesa kwa simu kila siku.

Hakuna aliyeona kosa kwenye vibandiko vya majina vya Wamormoni.

Kipimo hikihiki kikipelekwa Denmark kinafichua jambo ambalo kelele zililifunika. Septemba 30, 2005, gazeti la Jyllands-Posten lilichapisha katuni 12 zilizohusu Mtume Muhammad. Dunia inaikumbuka moja, ya kilemba chenye bomu, iliyochorwa na Kurt Westergaard. Wachache wanamkumbuka Lars Refn. Yeye alimchora Mohammed mwingine: mwanafunzi wa darasa la 7A, shule ya Valby, kitongoji cha Copenhagen, amesimama mbele ya ubao alioandika kwa Kifarsi kwamba wahariri wa Jyllands-Posten ni wachokozi wa kihafidhina. Huo ni utani hasa. Mchoraji alimtazama mtoto wa jirani, akamjua, akamkabidhi chaki.

Gazeti hilohilo, mwaka 2003, lilikuwa limezikataa katuni za mchoraji Christoffer Zieler kuhusu ufufuko wa Yesu, kwa hoja kwamba wasomaji wasingezifurahia. Charlie Hebdo nalo, gazeti la dhihaka la Paris lililojinadi kumcheka kila mtu, lilimfukuza mchoraji wake mkongwe Siné mwaka 2008 kwa safu iliyodaiwa kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Kila chumba cha habari kina orodha ya watu kisiotaka kuwaudhi, na walio nje ya orodha huijua mapema kuliko wahariri.

Yote haya hayapunguzi hata chembe uovu wa Januari 7, 2015, watu 12 walipouawa katika shambulio dhidi ya Charlie Hebdo. Kati yao walikuwamo Mustapha Ourrad, msahihishaji aliyezaliwa Algeria, na askari polisi Mwislamu Ahmed Merabet. Wauaji walidai wanamlipizia kisasi Mtume Muhammad.

Nyumbani, sheria imejaribu kuyashika maneno haya kwa mkono wake mzito. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 138 cha Kenya vinaadhibu maneno yanayosemwa kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kwa lugha inayofanana sana na kifungu cha 298 cha sheria ya India ya 1860. Katika mihadhara ya mlingano wa dini, iliyojaza viwanja vya Dar es Salaam na kwingineko tangu miaka ya 1980, wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi wakiichambua aya kwa aya huku umati ukiangua kicheko, na Wakristo wakalalamika kwamba wanakashifiwa. Mhubiri mmoja alifungwa miezi 18 na mahakama ya Morogoro kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Katika kesi hiyo ya Dibagula dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliifuta hatia: kusema unachokiamini hakumaanishi umekusudia kumjeruhi asiyekiamini. Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini mahakama hutazama nia na maneno tu. Haiulizi kama msemaji angekwenda kumchimbia kaburi yule ambaye umati ulichekeshwa kwa gharama yake.

Wachekeshaji wa leo hawako mbali na uwanja ule. Mwaka 2014 kituo cha KTN cha Kenya kilimwonesha mhubiri wa Nairobi akiwaosha waumini miguu kwa maji yenye pamanganeti ili yageuke mekundu kama damu, na akiwataka "wapande mbegu" ya shilingi 310. Usiku uleule mzaha ukalipuka. Mhubiri alistahili kila neno. Baada ya siku chache, hata hivyo, 310 ikawa bei ya ujinga, na aliyebebeshwa ujinga huo alikuwa mama aliyetuma hela kwa sababu mtoto wake anaumwa na hospitali ilikuwa imemshinda. Kichekesho kikageuza shingo kutoka kwa aliyepokea pesa kwenda kwa aliyezitoa, na wengi hawakuona kilipogeukia.

Kuna zoezi ambalo washiriki wanaweza kulifanya kabla ya chai. Waufikirie mchezo ule wa Broadway ukioneshwa Gulu, mji wa Waacholi kaskazini mwa Uganda, uwanjani, jioni, bila kubadilishwa neno. Mashati meupe yangechekesha. Wamisionari wa kila namna wameonekana huko. Star Wars ingepita juu ya vichwa vya baadhi, vijana wakawatafsiria wazee. Kisha binti angeingia na kujitaja jina, na mtu mmoja katika safu za nyuma, Mwacholi aliyemaliza utoto wake katika kambi ya wakimbizi wa ndani, angemgeukia jirani yake kumuuliza huyu Muganda amefuata nini hapa kwetu.