Keremkerem wa Rufiji

(Hotuba ya mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya kupiga picha ndege wa porini wenye rangi za kupendeza. Nitamsema mmoja tu, keremkerem mwenye paji jeupe, maana huyo ndiye aliyenifunza, tena kwa aibu.

Urefu wake ni kama sentimita 23. Koo lake ni jekundu, kifua rangi ya mdalasini, mgongo kijani, na chini ya mkia buluu kama wino tuliomwagiana humu madarasani. Hula nyuki. Akishamkamata mmoja hurudi kwenye kijiti chake, akambamiza na kumsugua mpaka sumu ya mwiba itoke. Hapo ndipo pa kumpigia picha. Elekezeni kamera kwenye kijiti, jua la asubuhi likiwa mgongoni, kasi iwe sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha ngojeni. Atarudi. Wengi humkimbiza ndege kama anayefukuza kuku wa kitoweo, mwisho wakarudi nyumbani na picha za majani.

Septemba 2014 nilichukua likizo nikaenda mto Rufiji, katika Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Keremkerem hawa huishi kijumuiya. Huchimba mashimo ya kina cha mita moja hivi katika kuta za udongo ukingoni, na wazazi husaidiwa na jamaa zao kulisha makinda. Nilimwomba mzee mwenye boti atusogeze mpaka hatua tano kutoka kwenye mashimo. Tukakaa saa tatu nzima. Nilipata picha ambayo sikuwahi kupata mfano wake: ndege kijitini, mdudu mdomoni, ananitazama usoni. Alikaa muda mrefu mno, nami nikashukuru bahati yangu.

Jioni nilimwonyesha mzee. Aliitazama, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mdudu ni wa nani?"

Nikasema, "Si wake, mzee wangu?"

"Angekuwa wake angekwisha kummeza. Huyu ni wa watoto shimoni. Amemshika hivyo kwa sababu wewe umekaa mlangoni."

Picha ile niliitundika ofisini. Wageni waliisifu, wakubwa wangu pia, nami sikumweleza yeyote. Baada ya miezi kadhaa niliishusha.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa mzee yule yule. Siku ya kwanza tulitia nanga mbali, hatua arobaini. Kila siku tulisogea kidogo, na pale ndege walipoacha kuingia mashimoni tulirudi nyuma mara moja, bila kubishana. Siku ya nne tulikuwa hatua ishirini, nao wakiingia na kutoka kama kwamba hatupo.

Wale wenye simu tu wasikate tamaa. Jizoezeni kwa chozi kwenye maua ya bustani ya shule, ila msikate matawi yanayoficha kiota ili mpate kuona vizuri.

Picha ya mwaka ule wa pili nimeileta, naikabidhi kwa maktaba. Mtaona shimo na buluu ya chini ya mkia tu. Ndege alikuwa anaingia.