Mtoto Anapojipigiza Kichwa, Tumtazame Masikio



Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kusema "sikio linaniuma." Hujipigiza kichwa ukutani, huvuta sikio, nasi wakubwa tunasema ana kiburi, au ana shetani. Wengine humchapa. Huko ni kumpiga mgonjwa.

Kwa mtoto mdogo, mrija unaotoka kooni hadi sikioni ni mfupi na umelala, hivyo mafua hufika sikioni kwa urahisi. Akilazwa maumivu huzidi, ndiyo maana vurugu nyingi huanza usiku. Tuangalie: ana homa? Anakataa kunyonya? Sikio linatoa usaha? Basi twende kituo cha afya, na tusimtie mafuta wala maziwa ya mama sikioni, maana ngoma ya sikio huenda imetoboka. (Anayejikuna makalio kila usiku, tufikirie minyoo, anayekula udongo, apimwe damu.)

Wapo wanaojitikisa ili wapate usingizi tu. Hao ni wazima, na wengi huacha kabla ya miaka minne. Lakini mtoto mwenye usonji naye huumwa sikio kama wenziwe. Tukiambiwa "ndivyo alivyo," tuombe kwa heshima atazamwe masikio kwanza.